Maji ya Betri Yasikutane na Chumvi ya Delta

Fundi betri wa Mbwera, huko deltani, ana tatizo ambalo mwenzake wa Njombe hana: maji ya chumvi yamemzunguka. Njia ya kubadilishana ayoni, ya kusafishia maji yaliyooshea betri, hunasa metali nzito kwa punje za rezini zilizobeba sodiamu. Risasi iliyoyeyuka ikipita, hushika punje na sodiamu ikatoka. Lakini lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 11 za sodiamu, wakati risasi katika maji ya kuoshea betri huweza kuwa miligramu chache tu. Katika msongamano huo, ukichanganya na kalsiamu na magnesiamu, rezini ya kawaida huishiwa nafasi mapema.

Kwa hiyo oshea betri kwa maji ya mvua uliyokinga masika, na maji yanayotoka uyakusanye kwenye pipa la plastiki la peke yake. Usitumie ya mto wakati wa bamvua, wala ya kisima kilichoingiwa na chumvi.

Maji hayo yaliyooshea betri yana asidi, nayo asidi huing'oa metali kwenye rezini. Vaa glavu na miwani, kisha tia magadi kidogo kidogo huku ukikoroga, maana yatatoka povu, hadi pH ifike 8 au 9. Yaache usiku kucha. Sehemu kubwa ya risasi itatuama kama tope jeupe, na kwa kweli hapa ndipo kazi kubwa inapofanyika. Rezini ni ya kumalizia. Anayeruka hatua hii anachoma fedha.

Maji ya juu yachuje kwa mchanga, uyapitishe polepole: kwa lita 5 za rezini, lita 50 kwa saa zinatosha. Nunua rezini ya kelati, iliyotengenezwa kukamata metali. Ile ya kulainishia maji haifai, kwa sababu magadi nayo yameongeza sodiamu.

Rezini ikishiba, usiioshe kwa asidi ya betri, kwani risasi itageuka unga usioyeyuka na kuziba punje. Asidi ya nitriki huiosha, lakini hiyo ni kazi ya maabara. Karakana ndogo ibadilishe tu.

Risasi iliyoyeyuka haionekani kwa macho, basi peleka sampuli ya maji yaliyopita kwenye rezini kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 0.01 kwa lita.

Tope na rezini iliyochoka zifunge kwenye ndoo yenye mfuniko, uwakabidhi wakusanyaji wenye kibali cha taka hatarishi. Usizifukie mikokoni: tope la huko hushika metali, na kaa na kamba hula humo humo.