Dondoo muhimu: Maji ya mvua chuoni Mlimani

Kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko kilimani, hivyo maji ya masika hushuka kwa kasi na kubeba udongo.

• Zibueni mitaro kabla ya Machi. Tope lililotolewa lisiachwe ukingoni. Mvua ya kwanza italirudisha ndani.

• Kingeni maji ya paa. Mvua ya milimita 20 kwenye paa la mita za mraba 500 huleta lita 10,000, maji mengi ya kusafishia vyoo na kumwagilia bustani. Tangi lifunikwe, mbu wasizaliane.

• Miteremko ipandwe nyasi. Kusakafia kila mahali ni kosa kubwa, kwani maji hayapenyi ardhini.

• Ukiona mtaro umeziba, toa taarifa siku hiyo hiyo. Walioko mabondeni ndio wanaofurikiwa.