Priskila, Akila na darasa letu la watu wazima

Somo: Matendo ya Mitume 18:1-4 na 18:24-28, Warumi 16:3-5



Kabla ya ubatizo wa mtoto, wazazi na wadhamini huketi na kasisi kwa maandalizi. Katika maandalizi ya familia moja ya ibada yetu ya Kiswahili, mama alikuja na binti yake wa miaka kumi na mmoja ili amtafsirie, kwa sababu kasisi wa siku hiyo hajui Kiswahili. Mtoto alijitahidi. Kasisi anauliza, mtoto anageuka na kumwambia mama maneno mawili matatu, mama anasema ndiyo. Ikaendelea hivyo karibu nusu saa. Jumapili iliyofuata, tukiwa jikoni tunaosha vikombe vya chai, tukamwuliza kama maandalizi yalikwenda vizuri. Akacheka kidogo, akasema, "Dada, mimi niliitikia tu."

Tumemwomba ruhusa kuliandika hili. Alisema tuandike, maana anajua hayuko peke yake.

Baadhi yetu tunaosimamia darasa la watu wazima ni wauguzi, na neno hilo lilitugonga vibaya. Katika hospitali za umma hapa New South Wales hatutakiwi kumtumia mtoto kuwa mkalimani wa mzazi wake. Anaitwa mkalimani aliyesomea kazi hiyo, aje mwenyewe au azungumze kwa simu, na mgonjwa halipi kitu. (Kama hujui, ukiwa kwa daktari una haki ya kumwomba akutafutie mkalimani. Namba ya huduma ya taifa ya ukalimani ni 131 450.) Sababu zake tumeziona kwa macho yetu. Mtoto hana maneno ya kutosha. Akisikia habari mbaya anaipunguza ili mama asiumie. Akiona aibu anaruka. Mwisho wake mgonjwa anatia sahihi ya kukubali upasuaji bila kujua amekubali nini. Sahihi ipo kwenye karatasi, lakini mtu hajakubali.

Sasa tuangalie kanisani. Katika ubatizo wa mtoto mchanga, wazazi na wadhamini wanajibu kwa niaba yake. Wanaahidi kumgeukia Kristo, kumkataa shetani na uovu, na kumlea mtoto huyo katika imani. Hakuna sahihi nzito kuliko hiyo. Nasi tumeiacha mikononi mwa binti wa miaka kumi na mmoja.

Lawama hii si ya mama yule. Ni yetu sisi viongozi, kwa sababu tulijua kasisi hasemi Kiswahili na hakuna kati yetu aliyejitolea kukaa pale. Kila mmoja alidhani mwenzake atakwenda.

Ndipo tukarudi kwenye Matendo 18. Tulikuwa tumeisoma mara nyingi kama habari ya Paulo tu. Safari hii tulimwacha Paulo kando tukawatazama wenyeji wake, mume na mke, Akila na Priskila. Akila asili yake ni Ponto, upande wa Bahari Nyeusi. Waliishi Rumi mpaka Kaisari Klaudio alipoamuru Wayahudi waondoke, wakahamia Korintho, kisha wakavuka bahari kwenda Efeso. Hesabuni wenyewe: Ponto, Rumi, Korintho, Efeso. Walishona mahema ili wale. Hawakuwa na jengo la kanisa, na nyumba yao ilikuwa mahali pa kukutania. Wengi wetu tukiulizwa tumetoka wapi huanza kwa kuvuta pumzi, halafu tunataja Uvira, Kigoma, Nairobi, ndipo Sydney. Hawa wawili wangetuelewa bila kuelezwa.

Efeso akaja Apolo, mzaliwa wa Iskanderia, mji wa Misri, kwa hiyo ni mtu wa Afrika. Alikuwa msomi, anayajua Maandiko, ana moto, anasema vizuri. Lakini elimu yake ilikuwa imesimama mahali: aliujua ubatizo wa Yohana tu. Tuseme kweli, wengi wetu tuko hapo. Tulifundishwa katekisimu tukiwa na miaka kumi na mbili, tukakariri Amri Kumi, Imani ya Mitume na Sala ya Bwana, askofu akatuwekea mikono, tukapiga picha na nguo nyeupe. Tangu siku hiyo tumesoma udereva, tumesoma uuguzi, tumesoma vyeti vya kuhudumia wazee, tumejifunza kujaza fomu za kodi. Imani imebaki na miaka kumi na mbili. Moto upo, nyimbo tunaimba mpaka majirani wanafungua madirisha, lakini mtoto akirudi shuleni Blacktown au Auburn na kuuliza kwa nini Mungu aliacha vita viue watu wa kwetu, tunamwambia asimwulize Mungu maswali. Hilo silo jibu. Tunafunga mlango tu.

Priskila na Akila walifanya nini? Hawakusimama katikati ya sinagogi kumsahihisha mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Kwao! Mezani, huenda mahema yakiwa yamerundikwa pembeni. Na Apolo, pamoja na usomi wake wote, alikubali kufundishwa na mafundi wahamiaji. (Mara nyingi Priskila hutajwa kwanza. Kuna wenye mengi ya kusema juu ya hilo. Sisi tunalichukua kama lilivyo: wote wawili walikuwepo, na wote wawili walieleza.)

Wenzetu waliotoka Kongo wanalijua jina hili kwa njia nyingine. Mwaka 1895 kijana wa Buganda alibatizwa akachagua kuitwa Apolo. Ndiye Apolo Kivebulaya, aliyefika Boga mwaka 1896, na kwa kazi yake Kanisa la Anglikana la Kongo lina mizizi pale. Katika Buganda ya siku zile Wakristo waliitwa wasomaji, kwa sababu aliyetaka kubatizwa alijifunza kwanza kusoma. Na hao walikuwa watu wazima: wakulima, askari, watumishi wa machifu, wameketi chini na karatasi ya herufi. Boga hawakumpokea kwa maua. Alipigwa, akafungwa, akatolewa, kisha akarudi palepale. Alifanywa kasisi mwaka 1903, akafariki 1933, na karibu maisha yake yote ya huduma aliyatumia kufundisha watu wazima polepole, kijiji kwa kijiji, hata ndani ya msitu.

Na Sydney nayo imo katika habari hii, ingawa wengi wetu hatukuambiwa. Wazee wetu wa Dodoma wanakumbuka wamishenari wa Australia. Askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Central Tanganyika, George Chambers, aliyewekwa wakfu mwaka 1927, alikuwa kasisi wa Dulwich Hill, mtaa ulio hapa hapa Sydney. Baada yake walikuja walimu, wauguzi na madaktari, na baadhi yao walifanya kazi hospitali ya Mvumi. Watu hao walijifunza Kiswahili na Kigogo wakiwa watu wazima, wakikosea na kuchekwa, ili waweze kumweleza mtu Injili kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo tukiomba tufundishwe kwa Kiswahili hapa Sydney, hatuombi kitu kigeni. Kanisa la mji huu limewahi kufanya hivyo, tena kwa gharama kubwa.

Darasa letu lilianza vibaya, na ni haki mjue. Tuliliweka Jumatano saa moja jioni kwa sababu ndiyo siku ya vikundi vya Biblia vya ibada ya Kiingereza. Nusu ya watu wetu saa hiyo wanavaa sare kwenda zamu ya usiku kwenye nyumba za kulelea wazee, na nusu nyingine wako kwenye treni kutoka kazini. Tukabaki watu watano, halafu tukaanza kulalamika kwamba watu hawana njaa ya Neno. Njaa walikuwa nayo. Sisi tulikuwa tumepika saa ambayo hawapo.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Tulikuwa tunapokezana kusoma kwa sauti, kila mtu mistari miwili, kuzunguka meza. Mzee wetu mmoja alikuja wiki tatu. Wiki ya kwanza alisema amesahau miwani. Ya pili akasema macho yanamwuma. Ya tatu zamu ilipomfikia aliinuka kwenda msalani, na hakurudi tena, wala Jumatano zilizofuata. Sisi tukasema mzee amechoka. Muuguzi anayemsikia mgonjwa akisema kila siku amesahau miwani anapaswa kushtuka; tumefundishwa hivyo kabisa. Hatukushtuka. Ilipita miezi mingi kabla mkewe hajatuambia kwamba hakupata nafasi ya kwenda shule, na maisha yake mengi yalipitia vitani na kambini.

Tulikwenda kwake wawili tukaomba msamaha. Alitupa chai. Hakusema lolote juu ya jambo lenyewe, na sisi hatukumlazimisha. Tulipokuwa tunaaga alituombea, na katika maombi yale alipita zaburi nzima kwa kichwa, moja baada ya nyingine, kwa maneno yake mwenyewe, bila kukosa mpangilio. Tulitoka nje tukakaa kwenye gari kwa muda bila kuwasha.

Siku hizi hatupokezani kusoma. Mtu mmoja anasoma, mara mbili, polepole, vitabu vya wengine vimefungwa. Kisha tunafanya kitu tulichokichukua hospitalini. Tukimpa mgonjwa dawa mpya hatumwulizi, "Umeelewa?" Kila mtu atasema ndiyo, hasa sisi tuliolelewa kuheshimu daktari. Tunamwambia, "Nieleze, ukifika nyumbani utainywaje?" Hapo ndipo unagundua mtu alitaka kunywa vidonge vitatu kwa mkupuo. Na anayepimwa hapo ni sisi tulioeleza. Mgonjwa hana mtihani. Darasani vilevile: baada ya kusikiliza, kila mmoja anasimulia habari ile kana kwamba anamweleza jirani asiyeijua. Tulipofika kwenye neno "neema", ambalo sote tunaliimba, tulipata maelezo matano yasiyofanana, na mawili yalikuwa ni bahati njema tu, kama ya kupata kazi. Tulikaa kwenye neno hilo wiki tatu. Hatukujuta.

Mzee amerudi. Yeye ndiye anayesimulia vizuri kuliko sote, maana sisi tumezoea kuangalia kitabu.

Tunajua kuna wanaoona darasa hili ni baridi. Waliolelewa katika uamsho wa Afrika Mashariki wamezoea ushuhuda, toba ya wazi na machozi, na mafundisho ya Sydney yanaweza kuonekana kama somo la shule: fungua, chunguza mstari, jibu swali. Hatukubaliani kwamba lazima mtu achague. Apolo alikuwa na moto na bado alihitaji kuelezwa. Tunaanza darasa kwa shuhuda fupi, na hatuwakatizi watu saa inapokwisha, jambo ambalo aliyebaki kufunga jengo hulilalamikia, na ana haki.

Sasa mipango. Darasa lipo Jumapili mara baada ya chai, dakika arobaini na tano, na linarudiwa Alhamisi saa nne asubuhi kwa walio zamu za usiku au wenye watoto wadogo. Asiyeweza kufika kabisa tunamtumia somo kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, naye anajibu kwa sauti, si kwa maandishi. Kwa maandalizi ya ubatizo na kipaimara, kuanzia sasa mmoja wetu atakuwepo kutafsiri, na maswali ya ahadi mtapewa kwa Kiswahili wiki mbili kabla ili myazungumze nyumbani. Watoto waje na wazazi, wasikilize, waulize, lakini wasibebeshwe kazi ya ukalimani. Watakaowaangalia watoto wakati wa darasa lazima wawe na kibali cha serikali cha kufanya kazi na watoto. Kwa wanaojitolea hakilipiwi na kinadumu miaka mitano. Tunahitaji watu wengine watatu. Akina baba, hatusemi na akina mama peke yao.

Anayetaka kwenda mbali zaidi, Chuo cha Moore kilichopo Newtown kina masomo ya cheti ambayo mtu anayasoma akiwa nyumbani. Kiingereza chake kinahitaji subira, kwa hiyo tunapendelea msome wawili wawili.

Yule mama ameshakaa nasi mara nne. Tulizipitia ahadi zote kwa Kiswahili, moja moja, naye akatueleza kila moja kwa maneno yake. Alipofika kwenye ahadi ya kumlea mtoto katika imani alinyamaza, akauliza kama anaruhusiwa kuahidi jambo ambalo baba wa mtoto hakubaliani nalo. Swali hilo lisingeweza kupita katika kinywa cha binti yake. Bado tunalizungumza naye, pamoja na kasisi, safari hii na mkalimani mtu mzima, na siku ya ubatizo imesogezwa mbele kwa ombi lake mwenyewe.

Jumapili ijayo tunaendelea na Matendo 19:1-7. Paulo anafika Efeso anakuta wanafunzi wengine ambao nao waliujua ubatizo wa Yohana tu. Msikilize sura hiyo nyumbani kabla ya kuja, na mmoja wenu aisimulie mezani bila kitabu. Tena asiwe yule anayesimulia siku zote.