SOMO: AKIBA YA UZEENI NA KODI YA MSHAHARA

Ndugu wafanyakazi wa Kasese na Bwera,

Wengi mnatuuliza: je, akiba ya NSSF hupunguza kodi? Tujifunze pamoja.

Sheria ya NSSF ya mwaka 1985 yasema mfanyakazi akatwe asilimia 5 ya mshahara, naye mwajiri aongeze asilimia 10 ya kwake. Mwenye mshahara wa shilingi 400,000 hukatwa 20,000. Mwajiri hutoa 40,000. Jumla ni 60,000. Mwajiri akizikata zote katika mshahara wako, amevunja sheria.

Kodi ya PAYE huhesabiwa juu ya 400,000 nzima, si 380,000. Kwa hiyo 20,000 yako haina msamaha. Kenya, akiba hutolewa kwanza, ndipo kodi huhesabiwa; tangu Desemba 2024 kikomo ni shilingi 30,000 zao kwa mwezi.

Kwetu msamaha uko kwingine: 40,000 za mwajiri hazikutozi kodi, wala malipo yako ya uzeeni hayakatwi. Asiyepeleka akiba anakunyima fedha hizo.

Basi kila mwezi tazameni karatasi ya mshahara, kisha ulizeni NSSF kama fedha zimefika. Zisipofika, mleteeni mwakilishi wa chama karatasi hizo. Tudai kwa ushahidi, tudai pamoja.