Vumbi Linalozaa Nyota

Muhula uliopita, katika mjadala wa chama chetu, mwenzetu mmoja alisimama akasema, "Kiswahili ni cha mashairi na sokoni tu. Sayansi hakiiwezi!" Tulimpigia kelele, lakini jibu hatukuwa nalo. Makala haya ndiyo jibu langu.

Kati ya Desemba na Machi, usiku anga ikitakata, simama ufuoni Homa Bay utazame juu. Zile nyota tatu zilizojipanga mstari ni mshipi wa Orioni. Kusini yake kuna doa kama ukungu. Hapo nyota huzaliwa, umbali wa miaka ya nuru 1,300 hivi.

Huzaliwaje? Katikati ya nyota na nyota mna gesi, hasa haidrojeni, pamoja na vumbi. Vumbi ni kama sehemu 1 tu kwa 100 ya uzito wote. Penye baridi kali, nyuzi 250 hivi chini ya sifuri, vitu hivi hukusanyika vikawa mabonge. Haba na haba hujaza kibaba. Waulize wachimba dhahabu wa Macalder kule Migori! Bonge likizidi uzito, uvutano wake hulikunja kwa ndani. Kiini hupata joto mpaka haidrojeni igeuke heli. Basi, nyota imezaliwa! Mabonge makubwa huzaa nyota zenye uzito unaozidi wa Jua mara 8 na zaidi.

Lakini vumbi si huziba mwanga? Ndiyo. Hata hivyo, jiko lililofunikwa majivu hulioni moto wake, ila mkono huhisi joto. Vivyo hivyo, mwaka wa 1967, Becklin na Neugebauer waligundua kwa miale ya joto nyota changa iliyojificha ndani ya vumbi la Orioni. Siku hizi darubini za ALMA, jangwani Chile, hupokea mawimbi ya vumbi lenyewe. Ziko mita 5,000 juu ya bahari, kwa kuwa mvuke wa hewani huyameza mawimbi hayo. Kando ya ziwa letu zisingefaa!

Nyota kubwa sana huishi miaka milioni chache tu, kisha hulipuka na kutawanya oksijeni, mojawapo ya hii tunayovuta.

Mwenzangu, je, Kiswahili kimeshindwa wapi?

Zoezi
1. Kwa nini bonge zito hujikunja?
2. Kwa nini ALMA haikujengwa kando ya ziwa?
3. Eleza maana ya "uvutano" kwa maneno yako mwenyewe.