Kitochi Mfukoni, Simu Janja Kabatini

Wengi wanaotamani kupumzika na simu janja hukwama kwenye swali moja: pesa nitatumaje? Ni swali la haki. Mtu wa Mbagala au Kisumu hawezi kujifanya simu haipo, kwa sababu ada, umeme na mchango wa msiba vyote hupitia humo. Lakini M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na iPhone ya kwanza ikaanza kuuzwa Marekani Juni mwaka huohuo. Huduma tunayoitaja leo kama sababu ya kushika simu janja kutwa nzima ilianzia kwenye simu za batani, na humo bado inafanya kazi.

Kwa hiyo sikuambii utupe simu yako. Nunua kitochi, yaani simu ndogo ya batani, weka humo laini yenye pesa, utembee nacho. Simu janja ipe makao nyumbani: juu ya kabati, sebuleni karibu na soketi, popote mbali na kitanda. Ukiihitaji, ifuate ilipo. Kama ndiyo inayokuamsha asubuhi, nunua saa ya mezani.

Tanzania ukibonyeza *150*00#, Kenya *334#, menyu ya M-Pesa hufunguka bila bando, na mitandao mingine ina namba zake. Hapo utatuma pesa na kulipa bili. Kwa Tanzania utanunua pia umeme wa LUKU, na tokeni ya tarakimu 20 itakuja kwa meseji uiingize kwenye mita kama kawaida. Namba za uthibitisho za benki nyingi huja kwa meseji pia, ila zipo benki zinazotegemea programu zao. Iulize yako kabla hujahama. Mbali na pesa, vitochi vingi vina redio ya FM, na kwenye baadhi waya wa hedifoni ndio antena yake.

Kuhamisha laini kunataka utulivu. Majina mengi siku hizi hukaa kwenye akaunti ya Google, si kwenye laini, hivyo kitochi kinaweza kukuonyesha orodha tupu. Andika kwanza namba muhimu kwenye daftari: watu wa nyumbani, mwalimu wa mtoto, zahanati, wakala, na dereva wa boda unayemwamini, maana hutaweza tena kuita usafiri kwa programu ukiwa njiani. Laini iliyokatwa ndogo hupwaya kwenye tundu la kitochi. Mafundi simu huuza fremu yake. Kisha washa PIN ya laini yenyewe, ili kitochi kikiibwa, mwizi asiweze kuihamishia kwenye simu nyingine akasoma namba zako za uthibitisho. Ukikosea PIN hiyo mara tatu laini hujifunga, nawe utahitaji namba ya kuifungulia, iitwayo PUK. Itunze.

WhatsApp haifi laini ikihama. Usajili hubaki kwenye simu janja, mradi simu hiyo ipate intaneti kwa waifai au laini ya pili. Siku ikidai uthibitisho upya, namba itaingia kwenye kitochi.

Usijione dhaifu kwa kuwa umeshindwa kuiweka simu janja chini. Kurasa zinazoshuka bila mwisho zilibuniwa na Aza Raskin mwaka 2006, na baadaye yeye mwenyewe alijutia hadharani matokeo yake. Kitu kisicho na mwisho hakikupi pa kusimama. Ndiyo maana naamini umbali husaidia kuliko kiapo: aliye kwenye daladala na kitochi hana cha kushindana nacho.

Mfanyabiashara anayeuza kwa Instagram hawezi kuiacha simu janja nyumbani, hilo nakubali. Basi azime arifa zote isipokuwa za wateja, na apange saa za kujibu.

Kazi ngumu kuliko zote ni watu. Kikundi cha wazazi, kikoba, kamati ya harusi, ukoo: kwetu kunyamaza husomwa kama kiburi au ugomvi, na mtu anaweza kukosa mazishi kwa sababu tangazo lilibaki WhatsApp. Usipotee kimyakimya. Andika mapema: “Ndugu zangu, WhatsApp nitakuwa naisoma jioni tu. Likitokea la dharura, nipigieni au nitumieni meseji ya kawaida.” Katibu wa kikoba mwombe akutumie kwa meseji tarehe za vikao na za marejesho, kisha umkumbushe tena baada ya mwezi, kwa sababu atasahau. Wazee wa ukoo usiwaachie kusoma ujumbe wako huo kikundini. Wapigie mmoja mmoja, wasalimie, waeleze, na uwaachie namba ya mtu mwingine wa nyumbani, endapo kitochi kitaishiwa chaji.