Kupima Mkondo wa Umeme kwa Bodi ya Kihisi na Maikrokontrola

Utangulizi
Mtambo wa Maporomoko ya Rusumo, katika Mto Kagera wilayani Ngara, una uwezo wa megawati 80, zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Hata hivyo, mahali ambapo nguzo hazijafika, taa huwashwa kwa paneli ya sola na betri ya volti 12. Mwenye betri ana swali moja: chaji itafika asubuhi? Ili kumjibu, pima mkondo.

Kanuni
Amita huunganishwa kwa mfululizo na ina ukinzani mdogo sana. Bodi ya kihisi hufuata kanuni hiyohiyo. Mfano ni ACS712 ya ampea 5:
1. Mkondo hupita katika kipande cha shaba ndani ya kihisi na kuzalisha uga wa sumaku.
2. Uga huo hubadilishwa kuwa volteji kwa athari ya Hall, iliyogunduliwa na Edwin Hall mwaka 1879.
3. Mkondo ukiwa sifuri, bodi hutoa V 2.5. Kila ampea huongeza V 0.185.
4. Maikrokontrola, kama Arduino Uno, hubadilisha V 0 hadi V 5 kuwa namba 0 hadi 1023.

Kwa hiyo:
V = namba × 5 ÷ 1024
I = (V − 2.5) ÷ 0.185

Mfano
Zahanati ya kijiji wilayani Biharamulo huwasha taa za chumba cha kujifungulia kuanzia saa 1 usiku hadi saa 12 asubuhi. Betri ina Ah 40, lakini nusu tu ndiyo itumike ili isiharibike. Maikrokontrola inasoma 588. Je, chaji itatosha?

*Suluhisho*
V = 588 × 5 ÷ 1024 = V 2.87
I = (2.87 − 2.5) ÷ 0.185 = A 2.0
Nguvu = 12 × 2.0 = W 24
Muda = 20 ÷ 2.0 = saa 10

Zinahitajika saa 11. Chaji itafika kikomo saa 11 alfajiri, mama akiwa huenda bado leba. Mkondo usizidi 20 ÷ 11 = A 1.8; taa isiyo ya lazima izimwe mapema.

Makosa ya watahiniwa
- Kusahau kutoa 2.5. Hapo jibu huwa A 15.5, ilhali kihisi chenyewe ni cha ampea 5!
- Kuunganisha kihisi sambamba na betri. Ukinzani wake ni takriban Ω 0.0012, hivyo hutokea shoti, waya huungua.
- Kufanya jaribio kwenye umeme wa nyumbani wa V 230. Tumia betri pekee.

Jipime
1. Kwa nini kihisi huunganishwa kwa mfululizo?
2. Aina ya ampea 20 huongeza V 0.1 kwa kila ampea. Ikitoa V 2.9, mkondo ni kiasi gani?
3. Saa 6 mchana, kihisi cha ampea 5 kilichofungwa kwenye waya wa betri kinatoa V 2.315. Kokotoa mkondo na ueleze maana yake.

Majibu
1. Ili mkondo wote unaopimwa upite ndani yake.
2. (2.9 − 2.5) ÷ 0.1 = A 4.
3. (2.315 − 2.5) ÷ 0.185 = A −1. Alama hasi inaonyesha mkondo umegeuka mwelekeo: paneli inachaji betri.