Kulea Watoto Wawili wa Mbwa wa Uzazi Mmoja



Mbwa wa jirani akizaa, jirani hutaka watoto wale waondoke upesi, kwa maana kila kinywa kinataka chakula. Basi utaambiwa: "Usichukue mmoja, chukua wawili, watakuwa wenzi." Maneno hayo husikika Othaya, toka mashamba ya chai ya Chinga huko juu mpaka mashamba ya kahawa huku chini. Husikika pia katika mashamba ya makazi ya Kieni na Nyandarua, ambako watu wengi kutoka Nyeri walipata ardhi baada ya mpango wa ekari milioni moja kuanza mwaka 1962.

Mkulima huona ni bahati. Mmoja atalinda zizi la ng'ombe, na mwingine atalinda kuku. Akifika nyumbani huwafungia wote wawili nyuma ya ghala na kuwatupia chakula katika sufuria moja. Mwaka ukiisha ana mbwa wawili wenye nguvu ambao hawaitiki wakiitwa. Usiku hutoka pamoja. Asubuhi moja jirani anabisha hodi, na mkononi ana mwana-kondoo aliyekufa.

Somo la mwezi huu ni la kuzuia jambo hilo lisitokee nyumbani kwako.

KWA NINI WAWILI NI KAZI KULIKO MMOJA

Mtoto wa mbwa hufungua macho akiwa na umri wa siku 10 hadi 14. Toka wiki ya tatu mpaka wiki ya 12 hivi, hujifunza ni nani wenzake duniani. Atakaowazoea wakati huo atawaamini maisha yake yote, na asiowaona atawaogopa.

Mwaka 1961 wataalamu watatu wa Marekani, Freedman, King na Elliot, walitoa habari za jaribio lao juu ya jambo hili. Waliwalea watoto wa mbwa pamoja na mama zao katika viwanja vyenye ua mrefu, wasizoeane na watu. Baadhi yao walitolewa kwa juma moja, kila mmoja kwa wakati wake, wakae na watu. Wengine hawakushikwa na mtu mpaka walipofika wiki 14. Hao wa mwisho walikuwa kama wanyama wa porini, na kuwafundisha kulikuwa kazi ngumu sana.

Sasa fikiri juu ya wale wawili nyuma ya ghala. Hawana ua mrefu, lakini kila mmoja ana ndugu yake mchana na usiku. Hucheza naye, hulala naye, humtazama yeye kabla ya kukutazama wewe. Mtoto wa mbwa aliye peke yake hukufuata wewe kwa kuwa hana mwingine. Hawa wawili hawana haja nawe ila wakati wa chakula. Na ukimtenga mmoja na mwenzake, hulia na kutetemeka.

Hii si kusema kwamba haiwezekani. Yawezekana, lakini ni kulea mbwa mmoja mara mbili, wala si kulea wawili kwa mara moja.

MAMBO YA KUFANYA

1. Usiwachukue mapema. Waache na mama yao mpaka wafike wiki 8. Kwake na kwa ndugu zao hujifunza kwamba kuuma kwa nguvu huharibu mchezo. Anayeondolewa akiwa na wiki 5 hukosa somo hilo, na watakaoumia ni watoto wako.

2. Walaze mbali mbali. Tengeneza masanduku mawili ya mbao, yaliyoinuliwa kidogo toka chini, na utie majani makavu. Baridi ya Othaya mwezi wa Julai si ya mchezo. Usiku wa kwanza weka masanduku karibu karibu, kisha uyatenge kidogo kidogo, mpaka moja liwe karibu na zizi na jingine karibu na nyumba. Watalia siku chache. Usiwarudishe pamoja kwa sababu ya kilio.

3. Sahani mbili. Walishe kwa wakati mmoja lakini mahali pawili, wasionane. Wakila chombo kimoja, mwenye nguvu hushiba na mnyonge hudhoofika, na hapo ndipo ugomvi huanza. Wape uji wa maziwa, ugali laini wenye omena au mchuzi wa nyama, mara 4 kwa siku mpaka miezi 3, mara 3 mpaka miezi 6, kisha mara 2. Usiwape mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa maana huvunjika kama miiba.

4. Kila mmoja na somo lake. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Asubuhi na jioni mchukue mmoja peke yake kwa dakika 10. Mwite kwa jina lake, na akija mpe kipande cha chakula na umsifu. Mfundishe kukaa, kungoja, na kutembea kwa kamba. Kisha mrudishe, umchukue mwingine. Majina yasifanane: ukiwaita Simba na Simbo hakuna atakayejua anayeitwa. Mtoto mkubwa wa nyumba aweza kusaidia, mradi wote mtumie maneno yale yale.

5. Waonyeshe dunia, mmoja mmoja. Leo nenda na huyu kupeleka maziwa, kesho nenda na yule. Aone ng'ombe, kondoo na kuku akiwa kwenye kamba. Akitaka kuwakimbiza, mzuie papo hapo. Samaki mkunje angali mbichi. Mbwa wawili wakikimbiza kondoo mara moja pamoja, utamu wake hautawatoka.

DUME NA JIKE

Ukichukua dume na jike, kumbuka kwamba wao hawajui undugu. Jike huweza kupata joto akiwa na miezi 6 tu, na baada ya siku 63 hivi utakuwa na watoto wa ndugu kwa ndugu, ambao huenda wakawa wadhaifu, na hakuna atakayewataka. Ukichukua wa jinsia moja, wanaweza kupatana wakiwa wadogo na kupigana vibaya wakikua. Fahali wawili hawakai zizi moja. Zungumza mapema na daktari wa mifugo juu ya kuwahasi.

DAWA NA CHANJO

Watoto wa mbwa hupata minyoo toka kwa mama yao. Wapewe dawa kuanzia wiki ya 2, kila baada ya wiki 2 mpaka wiki 12, kisha kila miezi 3. Usiwape kamwe matumbo, maini au mapafu mabichi ya kondoo na mbuzi. Humo mna malengelenge yenye mbegu za tegu. Mbwa hula, kisha huacha mayai ya tegu katika kinyesi, na mtoto wako akiyameza hupata uvimbe wa maji katika ini au mapafu. Chemsha sana au uzike.

Wakifika miezi 3, wote wawili wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, na kila mwaka tena. Ugonjwa huu ulionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja kandokando ya Nairobi. Mwaka 2014 nchi ilianza mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030. Usichanje mmoja ukamwacha mwingine ili kupunguza gharama, kwa maana hao wawili hulambana na kuumana kila siku. Mtu akiumwa na mbwa, oshwe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, aende hospitali siku ile ile. Dalili zikianza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

KABLA YA KUSEMA NDIYO

Jirani akikuambia uchukue wawili, jiulize: je, nina nafasi ya kila mmoja, asubuhi na jioni, hata wakati wa kuchuma kahawa? Kama huna, chukua mmoja, na wa pili aende kwa jirani mwingine. Ukitaka mbwa wawili, mlee wa kwanza mpaka atimize mwaka na kutii, kisha ulete wa pili. Yule mkubwa atakuwa mwalimu mwenzako.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini watoto wa mbwa wasiondolewe kwa mama kabla ya wiki 8?
2. Kila mmoja afundishwe peke yake kwa sababu gani?
3. Matumbo mabichi ya kondoo huletaje ugonjwa nyumbani?
4. Mtu akiumwa na mbwa, utafanya nini kwanza?

Wasomee wa nyumbani somo hili jioni, na mtoto atakayejibu yote manne apewe kazi ya kuchagua majina.